Barabara Kuu ya Pell Creek

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Lorna Vandeveer alitoka na ndoo ya maji ya sabuni kufuta kioo cha mkahawa wake, akakuta duka la dawa halipo. Lilikuwa limefungwa moja kwa moja Jumamosi. Sasa benki na duka la vifaa vya ujenzi vilikuwa vimesogeleana ukuta kwa ukuta, hata kisu kisingepenya katikati, na barabara kuu ya Pell Creek ilikuwa imepungua hatua kumi na tisa. Lorna akamaliza kufuta kioo. Lilikuwa jengo la sita kutoweka tangu lifunguliwe lile duka kubwa kule wanakopita malori, ambalo halmashauri ya mji ililisamehe kodi miaka kumi na mitano ili lilete ajira.

Kilichomtia hofu safari hii ni Bwana Pruitt. Mwalimu huyo mstaafu alikuwa akiishi juu ya duka la dawa. Saa moja ilipofika, hakuja kunywa kahawa yake. Jumapili iliyofuata mchungaji aliliondoa jina lake kwenye orodha ya wagonjwa wa kuombewa, akaliweka kwenye orodha ya waliohama.

Na juu ya duka la vifaa aliishi Nadine, dada yake Lorna.

Lorna alimwendea mwenye duka hilo, Orrin Teske. Alimkuta amekaa juu ya kreti anapanga skrubu, nusu ya rafu zikiwa tupu.

"Niambie ukweli, Orrin. Unafunga?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako."

Orrin akacheka kidogo. "Wale wenzetu wa duka kubwa wanauza nyundo kwa bei ambayo mimi siipati hata kiwandani. Juzi nimekwenda kununua balbu kwao. Mimi! Nikaegesha gari kwa nyuma, nisionekane."

"Na Nadine?"

"Nimemwambia ahame. Kanitupia kandambili."

Kutoka hapo Lorna alikwenda kwa meya, Gail Hutchens, waliyesoma naye darasa moja.

"Gail, watu wanapotea pamoja na majengo."

Meya alifungua faili. "Hebu tazama hapa. Kila mji wa jirani una maduka matupu, vioo vimezibwa kwa mbao. Sisi hatuna hata moja. Mwezi ujao jimbo linatupa tuzo."

"Hatuna kwa sababu yanatoweka!"

"Hatuna," alisema meya kwa upole. "Mwekezaji haulizi kwa nini."

Lorna akapanda kwa dada yake. Ngazi alizozizoea zilikuwa na vidato kumi na vinne. Leo alihesabu kumi na kimoja. Nadine alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Kama umetumwa na Orrin, teremka," alisema. "Miaka thelathini na moja niko humu. Siendi popote."

"Bwana Pruitt naye hakwenda popote, dada."

"Pruitt alikuwa haoni vizuri. Mimi nitaliona likija."

"Likija nini?"

Kisu kikasimama. Nadine alitazama upande wa chumbani.

"Kitanda nimekisogeza mara mbili wiki hii," alisema. "Ukuta unakuja, Lorna. Polepole, kama mtu anayenyata. Usiku nanyoosha mkono, naugusa." Kiazi kikamdondoka. "Naogopa. Ila naogopa zaidi kuja kuwa mzigo kwako."

"Kuwa mzigo juu ya mkahawa wangu. Vaa koti."

Walibeba masanduku mawili, cherehani na televisheni. Kabati halikutoka, mlango ulikuwa umeshakuwa mwembamba. Nadine aliteremka ameshika mkono wa mdogo wake kwa nguvu hadi kucha zikamwachia alama, na Lorna hakuuvuta.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Orrin alizima taa, akauacha ufunguo mlangoni, akaenda zake kwa binti yake huko Des Moines. Jumapili baada ya chakula cha mchana akina dada wakasikia sauti kama ya droo inayosukumwa ndani taratibu. Vikombe vikatetemeka rafuni, kisha vikatulia. Dirisha la chumba kipya cha Nadine, lililotazama uchochoro wa duka la vifaa na mashamba ya mahindi nyuma yake, sasa lilitazama matofali ya benki, karibu kiasi cha kuyagusa kwa ulimi. Benki yenyewe siku hizi ilifunguliwa mara mbili tu kwa wiki. Nadine aliteremsha pazia.

Tuzo ililetwa mwezi uliofuata. Meya alikuja na mpiga picha wa gazeti, ambaye hakuhitaji hata kurudi nyuma. Barabara yote iliingia kwenye picha moja: posta, benki, mkahawa. Kisha wakaingia ndani, na Lorna akawakatia pai ya tufaha.

"Gazeti linataka neno kutoka kwa mfanyabiashara," alisema meya. "Biashara inaendaje, Lorna?"

Tangu asubuhi alikuwa ameuza vikombe viwili vya kahawa. Juu, nyayo za Nadine zikasimama. Lorna alihisi ukuta wa upande wa benki nyuma ya mgongo wake, akashika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Inakwenda vizuri," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili hata ukuta usikie. "Vizuri kabisa."

Mpiga picha akaandika.