Paa la Msasa

Mtu asinifundishe mimi maana ya neno msasa. Nimekula kwa msasa tangu sijaota ndevu. Vidole vyangu vimesagika hadi siku moja karani wa ushirika alinikandamiza dole gumba kwenye wino mara tatu, akachoka, akasema, "Fundi, hiki kidole au kijiko?" Halafu neno hilohilo, la kazi yangu mwenyewe, ndilo lililoninyang'anya ndugu yangu wa tumbo moja. Acheni niseme, maana nikinyamaza kichwa kinaniuma.

Ndugu yangu ni Clemens. Sisi ni watu wa Masumbwe, na mimi Onesmo ndiye mdogo. Baba alipofariki ni Clemens aliyenilea, na ni yeye aliyenileta Shinyanga mjini kwa Mhindi mmoja mwenye gereji, nikajifunza kupiga rangi. Clemens mwenyewe alikuwa dereva wa wapima miamba huko Maganzo. Mzungu mmoja wa kazini kwake alipokuwa anarejea kwao alimwachia kigari chake cha Kiingereza, cha viti viwili, kifupi hata mbuzi akisimama nyuma yake unamwona mgongo. Paa lake lilikuwa la bati, la kuvua pamoja na kioo chake cha nyuma: unafungua bolti nne, watu wawili wananyanyua, gari linabaki wazi. Clemens alikipenda kigari kile mpaka mkewe, Apolonia, akawa anasema mbele ya wageni, "Mimi ni mke mdogo. Mke mkubwa yule pale nje, ana matairi."

Sasa hilo paa. Lilikuwa jeusi, na juu yake limejaa chembechembe ngumu, ukipitisha kiganja linakukwaruza. Nilipoliona mara ya kwanza nilimwonea huruma kaka yangu. Katika kazi yetu hakuna aibu kubwa kama vumbi kuingia kwenye rangi mbichi. Rangi ikikauka inaota vipele, na mteja ana haki ya kukutukana. Nikajua Mzungu wa watu alipigiwa rangi kando ya barabara, mwezi wa nane, upepo unavuma. Nani amwambie mkubwa wake kwamba mke wake mkubwa ana upele?

Mwaka sabini na nane, mwezi wa kumi na mbili, vita ya Kagera imewaka, Clemens akaitwa pamoja na mgambo wenzake. Malori yalikusanyika mjini. Asubuhi hiyo alinijia gerejini na mwenzake mmoja, wamelibeba lile paa. Jua lilikuwa limelichoma, rangi imepauka na pembeni imeanza kubanduka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Onesmo, sina muda. Nitengenezee paa langu. Hili ni paa la msasa, unanielewa? La msasa. Nikirudi nikilishika nikute msasa wa kweli, usinifanyie nusunusu."

"Kaka, kwa msasa unanijua."

"Ndiyo maana nimekuletea wewe."

Lori likapiga honi. Akanishika bega, akakimbia.

Jamani, niambieni ninyi. Gerejini ukisema "hili la msasa," maana yake ni moja tu: usipake juu ya uchafu, kwangua mpaka kwenye bati, uanze upya. Kuna gari la kupaka juu na kuna gari la msasa, hata muuza chai wa pale getini anajua. Tena nilifurahi. Nikasema, kumbe kaka naye aliviona vile vipele, alikuwa anavionea haya.

Msasa wenyewe ulikuwa haupatikani. Miaka ile dukani ulikuta rafu na mwenye duka, basi. Nikaenda Masumbwe, nikachuma majani ya msasa, ule mti wenyewe, majani ambayo babu zetu walisugulia vinu na mipini ya majembe. Nikarudi na gunia zima. Siku kumi na moja nilisugua, kwa maji na majani, mpaka vidole vikatoka damu. Chembe ziling'ang'ania utadhani zina ugomvi na mimi. Nilipofika kwenye bati nikaziba kwa puti palipobonyea, nikapuliza rangi ya kwanza, nikapuliza nyeusi mara tatu, nikaling'arisha. Haki ya Mungu, lile paa liling'aa! Wanawake waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama kutengeneza vilemba vyao humo. Nikalifunika kwa blanketi langu mwenyewe.

Watu walilitamani. Eustace, mnunuzi wa almasi pale Maganzo, alikuwa na kigari cha aina ileile, na paa lake lilipondwa na tawi la mti. Alikuja mara mbili kunibembeleza nimwachie. Mara ya pili Apolonia alifika kunisalimia, akamkuta amelifunua anapima kwa futi kamba. Nilimfukuza Eustace kwa matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa, lakini Apolonia alikuwa ameshaona alichoona. Baadaye Eustace akapata paa lake huko Mwanza, jeusi, akawa anapita nalo barabarani mchana kweupe.

Clemens alirudi mwaka uliofuata, mvua za kwanza zimeanza kudondoka. Bomu lilipasuka karibu naye, macho yote mawili yakaisha. Apolonia alimleta gerejini akiwa amemshika mkono. Nililia, sioni haya kusema nililia. Yeye hakutaka kilio.

"Nyamaza," akasema. "Hospitali nilikuwa nawaza hivi: uso wa mke wangu nitausahau, na wako nitausahau, lakini gari langu nitalijua. Nitalijua kwa kiganja. Nipeleke kwenye paa langu."

Nikaondoa blanketi kwa majivuno. Akaweka viganja vyote viwili. Akavipeleka mbele, akavirudisha, akavipitisha pembeni. Akarudia tena, polepole zaidi.

"Onesmo, paa langu liko wapi?"

"Ndilo hilo, kaka."

"Hili ni bati la nani?"

"Si ulisema msasa? Nimelipiga msasa siku kumi na moja, nimetoka damu..."

"Nilisema ni la msasa! Paa lenyewe ndio msasa! Linakwaruza, ndivyo lilivyotoka kiwandani. Nani alikutuma ulilainishe?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe vile vipele havikuwa vumbi, vilikuwa urembo! Ningesema palepale, nisamehe kaka, nimekosea, pengine tungecheka. Lakini kabla sijafungua mdomo akaongeza, sauti ya chini kabisa.

"Apolonia ameniambia Eustace alikuja kupima hapa. Ameniambia gari la Eustace lina paa jipya, jeusi. Mimi nilikuwa vitani, Onesmo."

Mwizi! Mimi, mwizi, mbele ya mafundi wenzangu! Damu ikanipanda kichwani.

"Ungekuwa na macho ungeona ni lilelile!" nikamwambia.

Aliyekuwa anagonga bati aliacha kugonga. Clemens akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali lake.

"Kweli," akasema. "Sina."

Akageuka, Apolonia akamwongoza kutoka. Yule mwanamke hakunitazama.

Niliapa nitamrudishia chembe zake. Nilipovua mpira wa kioo cha nyuma nijiandae kupaka, nikakuta chini yake ukanda mwembamba, upana wa kidole, ambako jani langu halikufika. Chembe za zamani, zilezile za kiwandani, zimekaa salama! Nikasema, asante Mama Maria, sasa nina cha kufananishia.

Nikachekecha mchanga wa mtoni kwa kanga kuukuu ya mke wangu, nikanyunyiza kwenye rangi mbichi, nikapuliza rangi nyingine juu. Nilijaribia kwenye vipande vya debe. Hiki kikali mno, hiki kimelala, hiki mchanga unabanduka. Vidole vyangu, nilishawaambia, havisikii kitu, ikabidi nitumie shavu: naliweka kwenye ule ukanda, kisha naliweka kwenye debe, nimefumba macho. Watu walinicheka. "Njooni mwone, fundi anabusu debe!" Niliwaacha wacheke. Kila nikifumba macho nilikuwa namwona Clemens.

Kipande cha kumi na nane kilikubali. Shavu halikuweza kutofautisha. Nikapiga paa lote, siku mbili, sikumruhusu mtu kufagia gereji wala kupita karibu. Ukabaki ule ukanda. Ulikuwa wa rangi ya zamani, na kwa kupakana na rangi mpya ulionekana kiraka. Ungefunikwa na mpira, hakuna ambaye angeuona, lakini mimi ningejua. Mimi siachi kiraka. Nikaukwangua mpaka kwenye bati, nikaupaka sawa na kwingine, nikarudisha mpira.

Nikapakia paa kwenye lori nikaenda Maganzo. Nilimkuta Clemens amekaa kwenye kiti nje, karibu na kigari chake, Apolonia anachambua mchele.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba," akajibu, baridi.

"Nimekuletea paa lako. Lishike tu, sikuombi kingine."

Tuliliweka mapajani kwake, mimi nimeshika upande mmoja na Apolonia upande wa pili. Akaweka viganja. Nikamwona anashtuka. Akapitisha mkono mbele, akaurudisha, na uso wake ukafunguka, uso wa kaka yangu wa zamani, akatabasamu mpaka kwenye makovu.

"Ndilo," akasema. "Mungu wangu, ndilo hili! Apolonia, ndilo!"

Apolonia akaanza kulia. Mimi nilihisi nimezaliwa upya. Clemens aliendelea kulipapasa muda mrefu, kisha mkono ukasimama.

"Umelitengeneza wewe?"

"Mimi, kaka. Miezi miwili."

"Hizi chembe umeziweka wewe kwa mkono wako."

"Zote, kwa mkono wangu!" Na nilikuwa nacheka, mpumbavu mimi, nilikuwa nacheka kwa fahari.

Tabasamu likamtoka.

"Umefananisha vizuri," akasema. "Hata mimi mwenye mali nimedanganyika. Kumbe unaweza kutengeneza paa kama langu, nisijue. Basi niambie, lile langu ulimuuzia nani?"

"Kaka, ni lilelile! Chini ya mpira wa kioo kulikuwa na chembe za zamani, nilizikuta mwenyewe, hazikuguswa..."

Akanyoosha mkono haraka hata paa likataka kuanguka. Alitaka kuniamini, nililiona hilo wazi, na ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Wapi? Nishikishe! Onesmo, nishikishe, upesi!"

Mkono wake ulikuwa hewani unanitafuta. Apolonia naye alinikazia macho, anangoja.

"Nilizikwangua," nikasema. "Nilitaka lote liwe sawa."

Mkono ulibaki pale juu kidogo, halafu akaushusha gotini. Hakukasirika. Laiti angenipiga. Alilisukuma paa likarudi mikononi mwangu, akamtafuta mkewe kwa sauti.

"Apolonia, niingize ndani." Alipofika mlangoni akasimama, mgongo kwangu. "Na hilo nalo ondoka nalo, Onesmo. Kaliuze."