Mabati Yaliyofunikwa Maua

Tangu mwanzi utoboe sakafu ya fundi cherehani, miguu yangu haitulii. Kila asubuhi kabla ya kufagia navua ndala, napapasa udongo wa bustani kwa nyayo, nikitafuta kitu kigumu kinachotambaa chini.

Mianzi hiyo aliipanda marehemu baba mkubwa, iwe pazia kati yetu na jirani. Mama mkubwa hukaa chini yake akichambua mboga, na majani yakianza kunong'ona husema, "Haya, mzee kaanza maneno yake." Lakini fundi cherehani, jirani mwenyewe, alipoona chipukizi limechomoza kando ya mashine yake, hakucheka.

"Dada, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu wako kaja na lake," alisema. "Likitokea chipukizi lingine kwangu, mianzi yote ing'olewe."

"Halitatokea," mama mkubwa akajibu.

Tulichimba mtaro kuzunguka kichaka, ukafika kiunoni mwangu. Tukasimamisha mabati ndani yake, tukafukia. Muuza mabati alikuwa ametuambia tuache ukingo wa kiganja kimoja juu ya ardhi, maana mzizi ukizuiwa chini hupanda, na hapo ukingoni ndipo utauona na kuukata. Mama mkubwa hakuuvumilia ukingo ule.

"Bustani imekuwa banda la kuku," akasema. Akamwaga udongo juu yake, akapanda maua.

Nilitaka kumkumbusha maneno ya muuza mabati, nikashindwa. Mimi ni mzito wa kusema. Hata dukani hunyoosha kidole tu.

Mvua zikaja. Asubuhi moja, juu ya tuta la maua, unyayo wangu ukakanyaga pingili.

Nikafukua kwa vidole. Mzizi wa manjano, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umepanda bati, ukavuka, ukashuka kuelekea ukutani kwa fundi. Mashine yake ilikuwa inalia ndani: trrr, kimya, trrr. Kila iliponyamaza nilidhani ameona kitu sakafuni.

Ningeweza kuukata na kurudishia udongo. Ungepita mwingine. Nikachukua jembe, nikaanza kung'oa maua.

"We mtoto! Una wazimu?" Mama mkubwa alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Maua yangu yamekukosea nini?"

"Yamefunika ukingo." Safari hii nilisema. "Mzizi umepita juu. Tukifunika tena, mianzi ya baba mkubwa itang'olewa yote."

Akainama. Akaufuata mzizi kwa mwiko, akikwangua udongo, mpaka kwenye ncha yake kali kama sindano. Ilibaki shubiri moja ifike ukutani.

"Na siku zote hizo mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nao."

"Ulikuwa unaufugia nini?"

Mashine ilikuwa imenyamaza. Dirisha likafunguliwa, fundi akachungulia.

"Kuna nini huko?"

Ndoo ilikuwa karibu. Mama mkubwa angeweza kuufunika mzizi nayo. Badala yake akaukata kwa jembe, akauinua juu.

"Mgeni wako huyu. Tumemkamata njiani. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango kwa maua yangu, na sifuniki tena."

Fundi akautazama mzizi, kisha akatutazama sisi.

"Nitachungulia kila asubuhi," akasema.

"Chungulia."

Tukakwangua udongo mpaka bati likaonekana pande zote, limepinda na lina kutu. Mama mkubwa akarudi kwenye sufuria yake, akinung'unika kuhusu banda la kuku. Mimi nikavua ndala, nikaanza kupapasa upya.