Mti wa Kinyozi

Mti wa kinyozi uliangukia chumba cha kushonea cha Mama Vifungo mchana wa upepo, wakati mwenyewe yuko ndani ya nyumba anakunja nguo. Alitoka akautazama. Shina lilikuwa limelalia bati, bati limelalia meza ya kukatia, na meza imelalia cherehani. Majirani walishika vichwa. Yeye alirudi ndani akamalizia kukunja nguo zake. Tangu amzike mumewe, wiki chache tu nyuma, alikuwa hivyo hivyo: ukimpa chai anakunywa, usipompa haulizi. Msibani hakutoa chozi, na wapo waliomsema kwa hilo, maana watu wa msibani nao hawakosi kazi.

Lakini cherehani ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Sare za wanafunzi alizoagizwa zilikuwa chini ya bati, shule zinakaribia kufunguliwa, na hakuna mwenye msumeno aliyekubali kugusa gogo kabla haijajulikana atalipwa na nani. Wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke asiyekubali kushindwa hata kwenye foleni ya maji, akamshika mkono akampeleka kwa msuluhishi wa mtaa.

Msuluhishi, mama mwenye miwani na mafua yasiyopona, aliwaeleza sheria taratibu. Mti mzima ukiangushwa na upepo, halaumiwi mtu. Kila mmoja anasafisha upande wake. Lakini ukiwa umeoza, na mwenye mti aliambiwa akapuuza, gharama zote ni zake: kuuondoa, bati, cherehani, kila kitu. Kwamba ulikuwa umeoza halikuwa na ubishi, shina lilikuwa tupu ndani kama mtungi. Kilichobaki ni kujua kama kinyozi aliambiwa. Akawapangia siku ya kurudi pamoja naye.

Njiani wifi alishapata dawa. "Sema kaka yangu alimwambia," alisema. "Nani ataenda kumuuliza?"

Sasa, huo ungekuwa uongo mkavu, maana nyumba hizo mbili hazikuwa zikisemeshana. Miaka ya nyuma maji machafu ya kinyozi, povu na nywele za wateja humo humo, yalipita chini ya ukuta yakaloweka gauni la bibi harusi lililotandikwa mkekani likisubiri vifungo. Mama Vifungo ni mpole, lakini siku ile mtaa ulijua kwamba ana sauti. Alisema kinyozi asikanyage kwake maisha yake yote, na mumewe, aliyesimama nyuma yake, akaitikia kwamba naam, asikanyage. Tangu hapo marehemu akipishana na kinyozi njiani alitazama viatu vyake. Mume wa kuigwa, walisema wanawake. Basi Mama Vifungo akakubali kuusema huo uongo. Hakuona vibaya wala vizuri. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mtu mwenye ganzi ukimfinya hajui.

Siku ilipofika, kinyozi alikuja na shati lililopigwa pasi na kofia mkononi. Msuluhishi akapenga kamasi, akamgeukia Mama Vifungo. Kabla hajafungua mdomo, kinyozi akamtangulia.

"Niliambiwa," alisema. "Marehemu aliniambia mti umeoza, tena si mara moja. Gharama ni zangu."

Wifi alimkanyaga Mama Vifungo chini ya meza kwa furaha. Mama Vifungo alidhani wanahurumiwa, na hilo likamkera kidogo. Msuluhishi akataka kujua aliambiwa wapi. Kinyozi akajibu kwamba ni ukutani, nyuma ya chumba cha kushonea, asubuhi marehemu akitoka lindoni, mswaki mdomoni.

Mswaki. Mumewe alikuwa mlinzi wa ghala, na kila akirudi asubuhi alipita nyuma kupiga mswaki, akakaa huko mpaka chai inapoa. Mama Vifungo alikuwa akimtania: una meno mangapi wewe, au unawapigia na wenzako? Naye hucheka na povu lake. Miaka yote hiyo.

"Alisema, mke wangu anashinda chini ya mti huu," kinyozi aliendelea, macho kwenye kofia. "Na cherehani ikishalia, hasikii kitu. Ukianguka hatausikia."

Msuluhishi akauliza, kama alijua yote hayo, kwa nini hakuukata. Kinyozi akaizungusha kofia yake mkononi. Aliulizwa tena, akaizungusha vilevile, na msuluhishi akachukua kalamu. Kesi ilikuwa imekwisha, bati na cherehani vimepatikana. Wifi alishaanza kukusanya mkoba wake.

Lakini Mama Vifungo alikuwa akiufikiria ule mti, ulivyoinama wote upande wake. Kamba zingefungwa wapi? Watu wangesimama wapi kuvuta?

"Asingeweza kuukata bila kuingia kwangu," alisema. "Na mimi nilimkataza."

Wifi alimfinya paja, akachelewa.

"Marehemu alisema nimpe muda," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Anatafuta siku ambayo umeamka vizuri."

Msuluhishi akaweka kalamu chini. Alisema mwenye mti akizuiwa kuufikia hawezi kubebeshwa mzigo wote; wagawane nusu kwa nusu. Wifi alisonya kutoka pale mpaka barabarani, akapanda gari lake la kurudi bila kuaga.

Kesho yake kinyozi alifika na watu wa msumeno. Wao waliingia, yeye akabaki nje ya lango, kofia mkononi, mpaka Mama Vifungo alipomwambia apite. Akapita. Walisimama kando ya gogo.

"Alikuwa anakwambia nini kingine?" Mama Vifungo akauliza.

"Mengi, dada. Asubuhi zilikuwa nyingi."

"Anza na ya kwanza."

Kinyozi akajikuna shingo. Alisema hilo la kwanza ni zito kidogo. Siku chache baada ya lile gauni, marehemu alikuja ukutani kumwomba radhi. Ni yeye aliyepanga matofali yake ya akiba kwenye mtaro wa maji machafu ya kinyozi, maji yakakosa pa kupita. Alimsihi asimwambie mkewe, maana alikuwa ameshaitikia naam.

Mama Vifungo alimtazama. Kicheko kikamtoka, kibaya, cha ghafla, hata watu wa msumeno wakageuka. Akakaa juu ya gogo acheke vizuri, na hapo hapo ndipo machozi ya kumlilia mumewe yalipoanza kutoka.

"Endelea," alimwambia kinyozi, akijifuta kwa kanga. "Ya pili."