Jasho la Sufuria

Samaki wawili walikufa wiki moja. Akabaki mmoja, wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, amejibanza chini ya jiwe, hali wala hachezi.

"Huyo naye Ijumaa haioni," alisema Yahaya, mumewe Raudha. "Akifa tu, tangi nalipeleka dukani kwangu Chapwa. Wazambia wataziona vizuri simu zangu humo."

"Na asipokufa?"

"Asipokufa, tangi ni lako. Sitaligusa tena mpaka nazikwa."

Raudha alizaliwa Tanga, akaolewa Tunduma, na tangi lile la kioo ndiyo bahari pekee aliyobakiwa nayo. Shemeji yake Twaibu, dereva wa lori, alimletea maji ya bahari kwa madumu kutoka Dar. Kila tangi lilipopungua, Raudha alijaza maji hayo hayo ya bahari. Sasa akachovya kidole, akaonja, akatema. Bahari ya kwao haikuwa kali hivyo!

Hapo akang'amua. Maji huruka hewani, chumvi haina mabawa. "Miezi minne namkausha kwa chumvi, natengeneza ng'onda aliye hai," akajisuta.

Kilichotakiwa ni maji matupu. Lakini ya bomba yalinuka dawa, na ya kisima yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Akabandika sufuria ya pilau yenye maji kidogo, akaweka bakuli katikati juu ya jiwe, akafunika kwa mfuniko uliopinduliwa, kishikio chini. Mvuke ukapanda, ukakutana na baridi ya Juni, ukageuka matone yaliyoteleza hadi kwenye kishikio na kudondoka bakulini.

Jirani yake Jenista akachungulia. "Raudha! Na wewe unapika gongo?"

"La samaki, dada. Ngoja alewe."

Siku nne alichota jagi la maji ya tangi akamwaga, akarudishia jagi la jasho la sufuria, asubuhi na jioni, akionja kila mara. Alhamisi ulimi ukaridhika: hii ndiyo Tanga.

Ijumaa Yahaya alitoka msikitini na Twaibu, tayari kubeba tangi. Raudha akadondosha tangini kipande cha nyama ya kamba. Samaki akachomoka chini ya jiwe, akadaka, akazunguka tangi zima, akarudi kudai kingine.

"Lahaula! Shemeji, si huyu aliyekuwa anakata roho?" Twaibu akashangaa.

Yahaya akakuna kidevu. "Haya, umeshinda."

"Sijasikia. Sema hadi Jenista asikie."

"Umeshindaaa!"

Vigelegele vya Jenista vikaruka ukuta.