Mpishi wa Plasta wa Bi Graciela

Siku ya Alasita, sikukuu ya kununua vitu vidogo vya bahati, saa sita mchana, Eusebia alikuwa sokoni La Paz amembebea tajiri wake, Bi Graciela, kikapu. Watu walisukumana kununua vinyumba vya plasta, vigari, vipasi vya kusafiria vidogo kama kucha. Mganga akishakifukizia moshi kile ulichonunua na kukinyunyizia pombe, kabla ya mwaka kwisha unapata chenyewe cha kweli. Bi Graciela nyumba na gari alikuwa navyo tayari. Akanunua mpishi wa plasta, mwenye aproni na kofia ya mviringo.

“Mama, mpishi si unaye, mimi hapa?”

“Ninaye, lakini kila siku wimbo ni huo huo, kwenu, kwenu. Wewe mwanangu ni mtu wa nyumbani hapa.”

Jumapili Eusebia alipanda basi kwenda kijijini, kando ya Ziwa Titikaka, kumwona binti yake Wara aliyekuwa akilelewa na bibi yake. Basi lilipanda mlima hadi El Alto, likakata kona, likasimama kwenye mlango wa jiko la Bi Graciela. Akajaribu gari la kebo, nalo likafungua milango yake uani pale pale. Akapanda ngazi za mlimani kwa miguu mpaka moyo ukamdunda, na ngazi ya mwisho ikawa ya jikoni.

“Dada, umenunuliwa Alasita,” dereva wa basi alimwambia alipojaribu tena. “Mjomba wangu alinunuliwa na mwenye tanuri la matofali, hata kufa kafia huko. Haya shuka, unanichelewesha.”

Mganga naye alimwonya asithubutu kumvunja yule wa plasta, maana angevunjika yeye. Eusebia akarudi kumenya viazi. Alilia kwa hasira, akapakua supu.

Wara alikuwa akipiga simu.

“Mama, mbona huji?”

“Barabara imefungwa.”

“Waandamanaji tena?”

“Ndiyo, mwanangu. Hao hao.”

Alasita iliporudi, Eusebia alipiga magoti sokoni mbele za watu. “Mama, nakuomba, mwaka huu usininunue.”

“Nani akununue wewe? Magoti yenyewe yanalia kama bawaba.”

Bi Graciela akachagua mwingine, kijana, mwenye nywele za kusuka. Eusebia alifurahi mpaka akaona haya. Alirudi akaanza kufunga vitu vyake huku supu ikichemka.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Wara, ana matope ya shambani miguuni.

“Nilikuwa naenda kupalilia viazi,” alisema. “Njia ikashukia huku.”

“Karibu, mwanangu,” alisema Bi Graciela. “Mama yako atakuonyesha vyombo vilipo.”

Eusebia alitoka bila kuvua aproni, akapanda basi. Lilipanda hadi El Alto, na safari hii halikukata kona. Uwanda ukafunguka mbele yake wote, na milima ya theluji, na barabara ya ziwani nyeupe isiyo na mtu.

“Leo wamekuachia, dada,” dereva alisema.

“Nishushe.”

“Hapa? Mimi sirudi mjini leo.”

“Nitatembea.”

Akashuka mlima kwa miguu, na hakuna njia iliyomvuta. Wara alikuwa amekaa jikoni mbele ya gunia la viazi. Eusebia akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akachukua kisu cha pili.