Mizunguko Saba ya Uzi

Haya ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Atakayeninasa kwa uongo hata mmoja achague adhabu mwenyewe, nami nitaitumikia bila kunung'unika.

Palikuwa na karani mstaafu, aliyekaa miaka ishirini na sita katika ofisi ya kambi ya jeshi akiandika nani kaingia, nani katoka na nani hatarudi tena. Alipostaafu yeye, tumbo lake likapandishwa cheo. Siku moja alipiga chafya kwenye foleni ya benki, kifungo cha koti kikaruka, kikapasua kioo cha dirisha, na mlinzi akalala kifudifudi. Nimeapa, kumbukeni.

Koti akalipeleka kwa fundi cherehani aliyehamia nyuma ya stendi. Fundi alikuwa na chumba cha mlango mmoja, cherehani ya miguu, na mkasi mkubwa ulioning'inia shingoni kwa kamba. Watu walimwita Bubu. Kusema aliweza, ila maneno yake yalikuwa ya kuhesabu.

"Kimepotea vipi, mzee?"

"Kimetoroka chenyewe," Karani akasema akicheka.

Fundi hakucheka. Akachagua kifungo kingine, akatunga uzi. Karani akamtazama kwa kukosa la kufanya. Fundi alipitisha sindano mara nne, kisha akauzungusha uzi chini ya kifungo, midomo ikihesabu: moja, mbili, hadi saba. Halafu, na mkasi ule wote kifuani, akainama akaukata uzi kwa meno.

Karani akainama aone vizuri. Namna ile ilifundishwa mahali pamoja tu. Sajini wa kikosi cha tatu aliwanyang'anya vijana wake mikasi. "Porini mna meno tu!" Na aliyezungusha mara sita alishona shati zima upya.

"Kikosi cha tatu," Karani akasema taratibu.

Fundi akainuka, akarudishia mlango, akakaa tena. Mikono yake haikujua pa kwenda.

"Nani kakutuma?"

"Kifungo."

"Usinitanie, mzee. Nina miaka thelathini na saba nikimsubiri mtu wa kuingia mlangoni na kusema hivyo."

Akaeleza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mapigano yalikuwa yametulia, akatumwa maji. Akafika mtoni, akatua ndoo, akavuka.

"Basi. Watu hudhani lazima pawe na kisa kikubwa. Miguu ilikataa kurudi tu."

"Wenzako wanane walipigwa risasi saa moja baadaye, wakafa wote."

"Niliisikia milio. Nikikanyaga cherehani kwa kasi naisikia tena, ndiyo maana wateja wangu wanalalamika nachelewesha." Akajifuta uso kwa kitambaa cha koti. "Kule waliniandika nini? Mtoro?"

"Marehemu. Ndoo ilikutwa mtoni. Jina lako limechongwa kwenye ukuta wa kambi, la tisa."

Fundi akaliweka koti mapajani.

"Mama aliambiwa nimekufa?"

"Alipelekewa barua."

"Mimi sikumwandikia hata mstari mmoja. Nilijua askari wanailinda nyumba yake, wananingoja. Kumbe nilikuwa nawakimbia watu wasionitafuta." Akauangalia mlango. "Yu hai?"

"Alifariki miaka minne iliyopita. Dada yako yupo. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu, nilimwona pale ukutani akipapasa jina lako kwa kidole kama mtu anayesoma gizani. Mwaka huu hakuja, miguu imemkatalia."

Hapo fundi akalia, na kilio cha mtu mzima hakina pa kukitazamia. Karani akatazama bobini ya uzi.

"Nipeleke kambini, wanifunge," fundi akasema hatimaye. "Na jina walifute. Wale wanane walikuwa na kiu, mimi sina haki ya kukaa ubavuni kwao. Lakini kwanza nimwone dada. Nikimtokea hivi hivi atanifukuza, atasema mzuka, au tapeli. Anaiamini ile barua. Mtafute aliyeiandika, aende amwambie kwa kinywa chake kwamba si kweli. Nani aliiandika?"

"Karani mwingine," Karani akajibu. "Alikwisha kufa, maskini."

Fundi akatikisa kichwa. Akamvalisha Karani koti, akamfungulia mlango. Basi hapakuwa na la kufanya tena. Fundi angali nyuma ya stendi, dada angali kwake, na aliyeandika ile barua yuko kaburini.

Hapo niliweka nukta, nikampa mke wangu karatasi azisome. Alisoma miwani ikiwa puani, akicheka penye kifungo, kisha akaacha kucheka. Akaweka kidole mahali.

"Karani mwingine yupi?"

"Yule mwenzake."

"Wewe bwana! Kambi ile ilikuwa na karani mmoja. Niliolewa naye."

Nikasema labda nimekosea kidogo. Hakukiondoa kidole. Ikabidi niseme. Kwamba nyayo za buti zilionekana ng'ambo ya mto, zikienda, mbichi, wala damu hakuna. Kwamba nilikuwa na barua nane za kuandika usiku ule, nikaona ya tisa iwe kama zile. Ningeandika mtoro, mama yake angetemewa mate njiani. Nilidhani nawapa zawadi.

"Ukawapa msiba wa miaka thelathini na saba," mke wangu akasema. "Na juzi kakuuliza uso kwa uso, ukajiua. Nani sasa ni mtoro?"

Nikazikusanya karatasi.

"Ya kambini mtayajua wenyewe baadaye. Mtu ambaye hajaitwa jina lake tangu ujana, sijui watamwongezea adhabu gani. Wewe uliapa, nami nimechagua. Vaa koti."

Nilivaa. Kifungo hakikulegea. Nikampitia fundi nyuma ya stendi, tukaenda pamoja kwa dada yake.

Dada mtu alifungua mlango mwenyewe, ameshikilia ukuta. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika barua ya kaka yake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniita baba, akasema ameitunza, akageuka kwenda kuileta. Nikamwambia asiilete.

Ng'ambo ya barabara fundi alisimama, mkasi shingoni, akisubiri aitwe. Nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupata pa kuanzia.