Jina la Tano

Haya, kaeni. Wewe mwenye tai nyekundu, acha kuangalia saa. Chai ipo, haikimbii. Karatasi mliyopewa ina kanuni saba, na najua mmeshaipitisha macho mkaikunja mfukoni, maana wasomi ndivyo mlivyo. Beji kifuani, hakuna kula ndani, viatu mnaviacha kwenye rafu ya mlangoni mnavaa gambuti zetu. Hizo mtazisoma wenyewe. Mimi nawasomea ya saba tu, kwa sababu hiyo haikuja na mtambo kutoka Ulaya. Niliiandika mimi, Kageha, karani wa usalama.

"Mtumishi wa zamu asiyeweza kumwita mgeni kwa jina lake kamili, aseme mapema, ampishe mwenzake."

Mnacheka. Mwaka jana daktari mmoja wa Nairobi alicheka vivyo hivyo, akauliza ni mtu gani mzima anayeshindwa kutaja jina la mwenzake. Nikamwambia, ni mimi unayemwona.

Ilikuwa mwaka wa sitini na saba. Uhuru haujafikisha hata miaka minne, na kila kiti alichoinuka Mzungu kilikuwa na watu kumi wanaokitaka. Kituo hiki kilipofunguliwa hapa Kakamega, kiti hiki changu nilipewa mimi, mwanamke wa Kimaragoli niliyeolewa Malinya kwa Waidakho. Wee! Maneno yalisemwa. "Mwanamke na mionzi wapi na wapi? Atatuletea mila za jikoni." Nikaapa moyoni kwamba hawatanipata na kosa, hata moja.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuma ya ule ukuta mnene kuna shimo, na ndani ya shimo kuna kobalti, imefungiwa kwenye sanduku la risasi. Risasi ya madini, siyo ya bunduki. Kobalti ikiwa shimoni, mtu anaingia bila wasiwasi, anapanga trei zake za mahindi kwenye rafu. Ikipandishwa, mbegu zinapigwa na mionzi, halafu tunazipanda na kutafuta, katika maelfu, mche mmoja utakaoshinda ugonjwa. Mionzi haionekani, hainuki, haichomi papo hapo. Siku hizo hatukuwa na kengele wala taa nyekundu. Majina ndiyo yalikuwa kengele yetu. Wageni wakitoka, nasimama mlangoni na daftari, naita jina, mwenyewe anajibu, "Nimetoka." Wakiisha kujibu wote, nampungia mkono Kipkemboi, fundi wa mtambo, naye anazungusha gurudumu, kobalti inapanda.

Siku ninayoisema tulikuwa na wageni watano. Wa kwanza kwenye daftari alikuwa Kipsang, mtafiti mwenye mvi kutoka Kitale, mtu wa mzaha kweli kweli. Wa tano alikuwa baba mkwe wangu, baba mzazi wa mume wangu Bramwel.

Alikuwa amefundisha kilimo miaka thelathini, akachukuliwa kwenye utafiti wa mahindi baada ya Uhuru. Alijivunia kazi yangu kuliko hata Bramwel. Kwenye mchezo wa mafahali alisemanga mbele za watu, "Mke wa mwanangu anafunga na kufungua jua." Lakini mimi na yeye, mila ilikuwa katikati yetu. Simpi mkono. Simtazami usoni. Nikimpikia kuku, ile ingokho yetu, anakula sebuleni, mimi nabaki jikoni. Na jina lake silitamki, hata likiwa la mtu mwingine. Miaka sita ya ndoa, uso wake sikuujua vizuri; viatu vyake ndivyo nilivyovijua. Vya kahawia, cha kushoto kisigino kimeshonwa kwa uzi mweusi.

Asubuhi ile niliwabandika wageni wanne beji kifuani kwa mkono wangu. Yake niliiweka mezani, akaichukua mwenyewe. "Mulembe, mama," akasema. Nikaitikia macho yakiwa chini.

Kipkemboi aliliona jambo hilo. Alinisogelea akanong'ona, "Huyo si mkweo? Leta daftari, leo nitasoma majina mimi."

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Watu wanasema mila ilimponza mzee. Si kweli. Mila zetu zina milango yake; Kipkemboi alikuwa amenifungulia mmoja, hata bila kuombwa. Ni kiburi changu. Niliwaza, nikimpa daftari leo, kesho watasema si tuliwaambia? Nikamjibu kwa ukali, "Kazi yangu naiweza."

Walipomaliza kupanga trei, wakaanza kutoka. Nikafungua daftari.

"Kipsang!"

"Nimetoka."

Nikaita wa pili, wa tatu, wa nne. Wote wakajibu. Nikafika kwenye la tano. Nililiona pale, nililiandika mwenyewe kwa wino wa bluu, na ulimi ukakataa. Nikainamisha macho kwa heshima, nikaita, "Mzee!"

"Nimetoka," sauti ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Kipsang. Tangu asubuhi vijana walikuwa wanamwita mzee, akadhani namtania, akaitikia kwa mzaha wake. Hata sikuinua macho kumtazama aliyejibu. Nikampungia Kipkemboi mkono.

Wageni wakakaa kwenye benchi wanavua gambuti, wanacheka, wanazungumzia mvua. Kila mmoja akavaa viatu vyake wakaelekea kwenye chai. Nikageuka kufunga rafu ya viatu. Jozi moja ilikuwa imebaki. Ya kahawia, kisigino cha kushoto kimeshonwa kwa uzi mweusi.

"Shusha!" nilipiga kelele. "Mzee yuko ndani!"

"Mzee gani?" Kipkemboi akauliza, mkono uko kwenye gurudumu. "Mzee Kipsang yule pale anakunywa chai."

"Mzee! Baba Bramwel!"

"Bramwel yupi tena?"

Jina lilikuwa mdomoni. Ningelitamka, angeelewa mara moja. Ole wangu, hata wakati ule halikutoka, wala neno mkwe halikunijia! Nilikwenda nikavinyakua vile viatu, nikamwinulia machoni. Ndipo akaelewa, akazungusha gurudumu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Alitoka na penseli sikioni. Alikuwa amerudi nyuma ya rafu ya mwisho kusahihisha kibandiko cha trei moja, amechuchumaa. Kwa jumla dakika saba. "Mbona mnakimbia?" akatuuliza. "Nilikuwa nasubiri kuitwa."

Jioni hiyo alianza kutapika. Filamu ya beji yake, ile inayopima mionzi, iliposafishwa ilikuwa nyeusi tititi. Wiki ya tatu nywele zilimtoka, zikabaki kwenye mto wa kulalia. Madaktari walijaribu, siwalaumu. Bramwel hakunipiga wala hakunifukuza. Aliacha tu kunisemesha, na nyumba ambayo watu hawasemezani, jamani, msiombe.

Wiki ya sita mzee aliniita hospitalini. Nilisimama mlangoni, kama kawaida, nikatazama miguu ya kitanda. Akasema, "Ingia, Kageha. Kaa hapa." Nikaingia. Akasema, "Nitazame." Nikamtazama, kwa mara ya kwanza. Kumbe Bramwel ameyachukua macho yake vile vile.

"Sina neno na wewe," akasema. "Kuna kitu kimoja tu. Siku ile nilichuchumaa pale nikitega sikio nisikie ukiniita. Niite sasa. Mara moja, nisikie."

Chumbani tulikuwa wawili tu. Mwenye mila mwenyewe alikuwa ameniruhusu. Nilifungua mdomo, nikalia, nikajikaza, nikafungua tena. Kilichotoka ni, "Mzee."

Halafu akatabasamu, midomo imepasuka, akanipigapiga mkono.

"Haya, mama," akasema. "Nimetoka."

Alikufa siku ya pili yake kabla ya adhuhuri. Walipokuja kunipa habari, nililitamka jina lake, peke yangu, uani, kwa sauti kubwa hadi majirani wakatoka. Lilikuwa jepesi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba lilikuwa jepesi vile.

Basi, vaeni gambuti. Nyinyi mko wanne. Mkitoka nitaita majina matano, na Kipkemboi hagusi gurudumu mpaka nimalize. La tano ni Cleophas Lihanda. Nikiliita, kaeni kimya. Asimjibie mtu.